Rudisha Chumvi Jikoni

Kila masika, mtaro unapozibuliwa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, au fundi anapochimba msingi wa vyumba vipya, swali huwa lile lile: kimetoka kijinyoka cheusi, chembamba, hakina macho, kina vichwa viwili, nimwage chumvi kiasi gani? Anayeuliza hivyo amekwisha kukata shauri juu ya mambo matatu bila kuchunguza hata moja: kwamba ni nyoka, kwamba ana sumu, na kwamba chumvi ndiyo dawa yake. Mawili ya kwanza naweza kuyavumilia. La chumvi limenichosha.

Magamba ya nyoka yamejengwa kwa keratini, kitu kile kile kilichojenga kucha zako. Zipake kucha zako chumvi ulale nazo, asubuhi uone kama zimenyauka. Moma au swila akikuta mstari wa chumvi mlangoni huuvuka kama anavyovuka mchanga, kwa kuwa hauna la kumfanya. Mbona basi watu huapa kwamba wameiona chumvi ikiua? Wameiona kweli, ila hawakuwa wanamtazama nyoka. Nyungunyungu na amfibia, yaani ukoo wa chura, wana ngozi laini yenye unyevu inayopitisha maji. Ukiwamwagia chumvi, maji huvutwa kutoka mwilini, mnyama hujinyonganyonga, hutoa ute, kisha hukauka akafa huku watoto wakishangilia. Kwa hiyo ushahidi unaoletwa kuitetea dawa hii ndio unaoizika: kilichokufa kwa namna ile hakikuwa nyoka. Na hata awe nyoka wa kweli, yule aliye kama uzi anayefukuliwa udongoni kwa kawaida ni nyoka kipofu, mla mchwa na sisimizi, mkavu na mwenye kung'aa, macho yake vidoa viwili chini ya magamba, sumu hana. Chumvi basi humuua nyungunyungu au amfibia asiye na hatia na kumpisha nyoka mwenye meno ya sumu. Wanaomwaga oili chafu kufukuza nyoka mahali watoto wanapochezea sina hata hamu ya kuwajibu.

Mnyama anayestahili hasa ile hadithi ya vichwa viwili ni sesilia, amfibia asiye na miguu. Nairobi si kwao. Nchini Kenya anajulikana katika milima ya Taita, kilima cha Sagala karibu na Voi, na sehemu za pwani. Ncha yake ya nyuma ni butu, kwa hiyo huku na huku unaona ncha mbili zinazofanana, na kichwa cha pili kinazaliwa kwenye akili ya mtazamaji. Salamanda wa mapangoni hatuna kabisa Afrika kusini ya Sahara, lakini kisa chao kinafanana na hiki. Huko Slovenia, mvua kubwa ilipowasomba kutoka mapangoni, wenyeji waliwadhania watoto wa joka; mwandishi Valvasor aliyaandika hayo mwaka 1689. Salamanda huyo huanza kuota macho akiwa mchanga, kisha macho hudumaa chini ya ngozi. Sesilia wa Taita amekwenda mbali zaidi: jicho lake limefunikwa na mfupa. Msiharakishe kusema limekufa kwa kukosa kazi. Kati ya jicho na pua sesilia ana kipapasio kidogo cha kunusia njia gizani, na msuli unaokirudisha ndani ni ule uliokuwa wa jicho zamani. Huko Tanzania, jamaa zake wa jenasi ya Scolecomorphus wamelibandika jicho lenyewe juu ya kipapasio, kikitoka nalo linatoka. Anayemwita huyu kiumbe pungufu hajamtazama vizuri.

Sesilia mama wa Taita ana jambo jingine. Hutaga mayai ndani ya udongo akayalinda, na vifaranga wakianguliwa, ngozi yake huwa imenenepa kwa mafuta. Wana meno maalumu ya kuikwangua, na wanaila ikiwa bado mwilini mwake. Watafiti waliopima na kuchapisha matokeo mwaka 2006 walikuta kwamba kwa wiki moja watoto waliongezeka urefu kwa asilimia 11, na mama akapungua uzito kwa asilimia 14. Huyo ndiye mnayemtafutia chumvi. Msomaji makini atanipinga kwamba mwaka 2020 wanasayansi walieleza tezi zinazofanana na za sumu kwenye meno ya sesilia wa Amerika Kusini. Ni kweli, na ni ugunduzi wa maana. Lakini tezi kwenye taya la mla nyungunyungu si maafa kwa binadamu. Mwingine atasema ni afadhali kuua kuliko kujuta. Hesabu hiyo ingekuwa na maana kama kuua kungepunguza hatari. Huyu hakuwa hatari tangu mwanzo. Aliye hatarini ni yeye mwenyewe: sesilia wa Sagala, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2005 tu, hapatikani popote duniani ila kwenye kilima hicho kimoja, ambako mikaratusi inaunyonya unyevu anaouhitaji.

Basi, haraka haraka. Mwenye pete mwilini na ute: nyungunyungu au sesilia, mchote kwa koleo, umrudishe kwenye udongo wenye unyevu na kivuli. Mkavu mwenye ulimi unaochezacheza: nyoka, rudi nyuma, watoe watoto, usimguse hata ukidhani ni kipofu. Kuzuia nyoka: ondoa takataka zinazoleta panya, ziba matundu chini ya mabati, usirundike mawe na mbao ukutani, tembea na tochi usiku. Ukiumwa: vua pete na bangili, tuliza kiungo, nenda hospitali mara moja; usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu liache kwa muuzaji. Uliyemshika akiwa na ute, nawa kwa sabuni kabla hujasugua macho. Ngozi ya amfibia huwasha.