Ukakasi Si Uchungu: Msamiati wa Ladha katika Chai ya Litein

Waonjaji wa divai nyekundu hawakosi maneno ya kutofautisha chupa moja na nyingine. Makala haya yanadhamiria kuchunguza iwapo Kiswahili kina maneno ya kutosha kuifanyia kazi hiyo chai, hususan chai ya Litein, nilikolelewa.

Suala hili si la anasa. Mkulima wa Bureti huchuma majani mawili na chipukizi, huyafikisha kituoni, na kuanzia hapo thamani ya zao lake huamuliwa na vinywa vya watu wengine. Katika mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, wanunuzi huonja kwanza ndipo wataje bei. Chai za mashariki ya Bonde la Ufa, pande za Mlima Kenya, aghalabu hupata bei ya juu kuliko zetu za magharibi, na tofauti hiyo humfikia mkulima katika bonasi. Akiuliza chai yake imepungukiwa na nini, hujibiwa kwa istilahi za Kiingereza asizoweza kuzipima kinywani mwake.

Kipimo cha kimataifa ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, kwa dakika 6. Mwonjaji huivuta chai kwa kishindo, huitandaza ulimini, kisha huitema. Anachokitafuta zaidi ni ukakasi. Siku hizi neno hili limetekwa na wanasiasa na wanahabari. Kila jambo lisiloeleweka "lina ukakasi". Hata hivyo, mahali pake ni kinywani: ni ule mkwaruzo unaobaki ulimini na katika ufizi mtu alapo ndizi mbichi au bibo. Uchungu ni ladha, mathalani ya mwarobaini. Ukakasi ni mguso, nao hutokea kemikali za jani zinaposhikamana na protini za mate, kinywa kikapoteza utelezi wake. Divai nyekundu huupata kutoka katika maganda na kokwa za zabibu.

Kiwango cha ukakasi hutegemea sana kazi ya kiwandani. Majani yakisha kunyaushwa na kukatwakatwa, huachwa yapigwe na hewa. Hatua hii tumezoea kuiita kuchachisha, ilhali hamira haihusiki hata kidogo. Kinachochacha kwa hakika ni divai. Muda ukiwa wa kadiri, chai huwa ng'avu na yenye ukakasi hai. Ukizidi, rangi hukolea, kikombe huwa kizito, lakini ukakasi hufifia. Chai hiyo ningependekeza iitwe dufu, na neno chapwa liachiwe chai nyepesi isiyo na nguvu tangu mwanzo. Ukubwa wa punje nao una athari: daraja la BP1, lenye punje kubwa, hutoa rangi polepole kuliko PF1, nayo PD iliyo laini zaidi hukolea upesi.

Ipo pia chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa Kericho. Rangi yake ni ya jamii moja na ile ya zabibu nyekundu, na ukiikamulia ndimu hugeuka ya waridi.

Kwa nini basi sisi tunaoichuma hatuyazungumzi haya? Nadhani sababu mojawapo ni maziwa. Nyumbani chai huchemshwa pamoja nayo, na protini za maziwa huzinasa kemikali zile kabla hazijafikia mate.

Likizo iliyopita nilimwandalia mama, mchumaji wa miaka mingi, vikombe viwili vya chai ya rangi bila sukari. Alikionja cha kwanza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kikipsigis maneno ninayoyafasiri hivi: "Hii inashika ulimi." Cha pili, cha majani yaliyokaa kabatini mwaka mzima, alikirudisha mezani. "Hii imelala."