Ukitapeliwa, Usingoje: Somo Kutoka kwa Mchezo wa Polisi na Mwizi

Umewahi kucheza brikicho? Anayetafuta akijua wenzake wamejificha wapi, mchezo unaisha haraka. Asipojua, hata uwanja mdogo unamsumbua.

Wanahisabati nao wana mchezo kama huo. Wanachora nukta, wanaziunganisha kwa mistari, kisha polisi na mwizi wanahama kwa zamu. Chukua nukta 3, kila moja ikiwa imeungana na zile zingine. Polisi akimwona mwizi, mmoja anatosha: hatua moja tu, amemshika. Mwizi asipoonekana, huyo mmoja anabahatisha tu. Ili kuwa na uhakika, lazima wawe 2.

Scotland Yard, mchezo wa mezani uliotoka mwaka 1983, unatumia siri hiyo hiyo. Mtoro anazunguka ramani ya London bila kuonekana, na anajitokeza kwa zamu chache tu, kama ya 3, ya 8 na ya 13. Kila zamu anayobaki mafichoni, sehemu anazoweza kuwa zinaongezeka.

Sasa fikiria pesa zako. Kila laini ni nukta, kila muamala ni mstari. Tapeli akikudanganya umtumie, sisi tunaona pesa zimehama, lakini hatuoni kwamba ni wizi. Kwetu zinafanana na karo au kodi ya nyumba. Anayejua ni wewe.

Tuseme tapeli anazigawa kwa laini 3, na kila laini inagawa kwa zingine 3. Hatua ya pili ni laini 9, ya tatu 27. Akishazitoa kwa wakala, ni noti mfukoni, na hapo hatuna cha kuzuia.

Kwa hivyo usiseme "wacha nitapiga kesho." Ngoja ngoja huumiza matumbo. Fanya hivi mara moja:

- Pigia huduma kwa wateja kwa nambari yetu rasmi, si ile uliyotumiwa na mtu kwa SMS.
- Tupe nambari ya muamala, na usifute ujumbe.
- Ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

Hatuwezi kuahidi kwamba kila shilingi itarudi. Lakini ukitupigia pesa zikiwa bado kwa laini ya kwanza, tunatafuta nukta moja, si 27.