Kivuli cha Herufi Hakina Soko

"Mzee, herufi zimejirudia. Hii ni laki ngapi?" Swali hili nimeulizwa Garissa mara nyingi, hata sasa nalijibu kabla kiganja hakijafunguka: ni shilingi moja.

Video za simu zimewaaminisha watu kwamba kila herufi yenye kivuli inasubiriwa na mnunuzi Ulaya. Upuuzi. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Muhuri ukilegea, huteleza unapoachana na sarafu na kuulaza ubavu wa herufi. Kivuli chake huwa bapa, kimekaa chini kama kidato cha ngazi, na kwa kuwa kimemegwa kwenye herufi yenyewe, herufi hukonda. Hiyo ni ajali ya mashine, hailipiwi.

Muhuri wenyewe ukiwa umegandamizwa picha mara mbili bila kulingana, mambo hugeuka: herufi hunenepa, mistari yote miwili huvimba, ncha zake hupasuka kama ulimi wa nyoka. Tena alama hiyo hurudi palepale katika kila sarafu iliyopigwa kwa muhuri huo. Sarafu pacha yenye alama ileile isipopatikana, usiiite aina ya pekee. Mkwaruzo je? Uliozama umeupata mfukoni. Uliovimba umetoka kwenye muhuri, na mara nyingi ni ufa wa uchakavu tu.

Kijana mmoja wa Soko Mugdi aling'ang'ania kivuli kwenye shilingi yake ya 2010. Katika mkebe wake wa sarafu mlikuwa na shilingi ya simba, ile ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, ya 1942 yenye herufi I, yaani imepigwa Bombay. Hiyo ndiyo tofauti halali, kama H ya kiwanda cha Heaton, KN ya King's Norton na SA ya Pretoria. Zaidi ya hayo, robo ya madini ya kila shilingi hiyo iliyopigwa hadi 1946 ni fedha. Yeye alikuwa ameisugua kwa ndimu na chumvi mpaka manyoya ya simba yakafutika!

Basi: azima lenzi ya sonara, mulika taa kutoka ubavuni, pima uzito (shilingi ya simba ni kama gramu 7.8), linganisha na picha za katalogi, tafuta pacha. Usioshe, usisugue, usitie dawa ya meno. Na anayekudai ada ya "usajili" ndipo anunue sarafu yako, mfungie namba.