MAJI TWAHARA NA MAJI SALAMA: YALIYOGUNDULIWA HAYDOM KUHUSU MARADHI YA KUHARA



Kila mwaka tunapofika mlango wa twahara, hatukosi mwanafunzi wa kuuliza: je, maji ya bwawani yanayofaa kutawadhia yanafaa na kunywa? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Tumeona tulijibu kwa urefu katika jarida la mwaka huu, kwa kuwa jibu lake linagusa uhai wa wadogo zenu mliowaacha nyumbani.

Katika fiqhi tumejifunza kwamba maji hubaki twahara maadamu hayajabadilika rangi, ladha wala harufu kwa kuingiwa na najisi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameweka na kiwango cha kulla mbili, yaani kiasi cha lita 200 hivi, ambacho maji yakikifika hayanajisiki mpaka yabadilike. Hukumu hiyo ni ya ibada, nayo inatazama yale ambayo jicho, ulimi na pua ya mtu wa kawaida vinaweza kuyatambua. Lakini bakteria hana rangi, hana ladha, wala hana harufu tunayoweza kuinusa. Kijiko kimoja cha maji maangavu kinaweza kubeba maelfu yao. Basi maji yaweza kufaa kwa udhu na bado yakamlaza mtoto kitandani. Hakuna mgongano hapo. Ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina wataalamu wake.

Wataalamu wa swali la pili walichelewa kuwaona maadui hawa. Mwaka 1854 Mtaliano Filippo Pacini aliona kwa darubini kijidudu cha kipindupindu katika matumbo ya waliokufa, lakini wenzake hawakumjali. Robert Koch wa Ujerumani ndiye aliyewafanya watu wakubali, baada ya kazi yake ya Misri na India mwaka 1883 na 1884. Mwaka 1885 Theodor Escherich akamtambua E. koli, na mwaka 1897 Kiyoshi Shiga wa Japani akakipata kijidudu cha kuhara damu ambacho mpaka leo kinaitwa Shigela kwa jina lake. Hata huku kwetu kulikuwa na mtafiti: daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar alitoa kitabu mwaka 1876 kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, akifuatilia jinsi maradhi yalivyosafiri na misafara ya bara na vyombo vya baharini. Alifanya hivyo kabla Koch hajatuonyesha msafiri mwenyewe ni nani.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Wengi wetu hapa Gendabi tunaijua Haydom, katika Mbulu, kama mahali pa kupeleka mgonjwa aliyezidiwa. Hospitali ile ya Kilutheri ilianzishwa mwaka 1955 na wamishenari wa Norway. Wachache wanajua kwamba ni katika vijiji vinavyoizunguka ndipo ulipofanyika mmoja wa tafiti kubwa za dunia juu ya kuhara kwa watoto. (Akiuliza mtu kwa nini jarida la madrasa linaeleza kazi ya hospitali ya kanisa, jibu letu ni fupi: watoto waliopimwa ni wa majirani zetu, na elimu yenye manufaa huchukuliwa ilipo.)

Utafiti huo uliitwa MAL-ED, nao ulifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi nane: Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil, Peru, Afrika Kusini na Tanzania. Upande wa Tanzania ulikuwa Haydom. Watoto zaidi ya 200 wa huko waliandikishwa wakiwa wachanga wa siku chache tu, wakafuatwa mpaka wakatimiza miaka miwili. Wahudumu waliwatembelea majumbani mara mbili kila wiki wakiuliza kama mtoto ameharisha, na walichukua choo chake kukipima kila alipoharisha. Lakini si hapo tu. Kila mwezi walichukua pia choo cha mtoto akiwa mzima.

Wanafunzi wangapi wangefikiria kupima choo cha mtoto asiyeumwa? Hapo ndipo penye akili ya utafiti huu. Ukipima wagonjwa peke yao, kila kijidudu utakachokikuta utakidhania ndicho mwuaji. Ukipima na wazima, utaona kwamba vingine vipo kwa wote sawasawa, na vingine vinazidi kwa wagonjwa. Hivyo vinavyozidi ndivyo vya kushukiwa.

Matokeo ya kwanza yalitolewa mwaka 2015. Miongoni mwa bakteria, aliyejitokeza zaidi alikuwa Kampilobakta, na Shigela akaonekana hasa mwaka wa pili wa maisha, mtoto anapoanza kula na kugusa kila kitu. Virusi nao walikuwemo, rota na noro. Kisha sampuli zilezile zikapimwa upya kwa njia ya kutafuta vinasaba badala ya kuotesha bakteria maabara, na mwaka 2018 mpangilio ukabadilika: Shigela akashika nafasi ya kwanza kuliko vyote. Njia ya kuotesha ilikuwa ikimkosa mara nyingi kwa sababu ni dhaifu nje ya mwili, hufa njiani kabla hajafika maabara. Ndani ya mwili, hata hivyo, si dhaifu hata kidogo. Inatosha Shigela wasiofika 100 kumwangusha mtu, ilhali kijidudu cha kipindupindu kwa kawaida huhitaji kuingia kwa mamilioni. Ndiyo maana kuhara damu hupita kwa mikono mitupu, kutoka mtoto hadi mtoto, hata penye maji mazuri.

Jambo lililotushangaza sisi ni hili. Haydom haikuwa mahali penye kuhara kwingi kuliko nchi nyingine. Mama akiulizwa, mara nyingi alijibu mtoto ni mzima. Hata hivyo walipofika miaka miwili, zaidi ya nusu ya watoto wa Haydom walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Wataalamu walipolinganisha watoto wa nchi zote nane, waliona kwamba waliobeba Shigela, Kampilobakta na aina fulani ya E. koli mara kwa mara, hata bila kuharisha, walikua pungufu. Utumbo mwembamba umefunikwa na vinyweleo vidogo mno, mfano wa zulia la msikitini, ambavyo hufyonza chakula. Vijidudu vikikaa humo mwezi baada ya mwezi, vinyweleo huvimba na kulala, chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri, na mwili hutumia nguvu zake kupigana badala ya kukua. Mtoto anakula, haharishi, wala haongezeki. Mzazi husema ni maumbile ya ukoo.

Kampilobakta anakotoka tunapajua sote. Huishi matumboni mwa kuku, ng'ombe na mbuzi bila kuwadhuru. Katika nchi nane zile, watoto zaidi ya 8 katika kila 10 walikutwa naye angalau mara moja kabla ya kutimiza mwaka. Tazama uwanja wa nyumba zetu: kuku wanadonoa, mtoto anatambaa palepale, anaokota, anatia kinywani. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopungukiwa na maambukizo hayo ni wale walionyonyeshwa maziwa ya mama peke yake, waliokunywa maji yaliyotibiwa, na waliokuwa na choo bora nyumbani. Kwa maoni yetu banda la kuku lenye mlango, na jamvi la mtoto lililo mbali na banda hilo, lingefaa kuanzwa hata kabla ya kununua dawa yoyote.

Na maziwa? Hanang ni nchi ya wafugaji, Wairaqw na Wabarabaig, na maziwa mabichi yana heshima yake. Tunajua wapo wazee wanaoona kwamba kuyachemsha ni kuyaharibu. Kwa adabu zote tunawaambia kuwa kinachopungua katika kuyachemsha ni kidogo mno, na kinachokufa ni Kampilobakta, Salmonela na hata vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yakifura mara moja yanatosha.

Mtu akisema, basi watoto wapewe vidonge vya kuua bakteria na yaishe, hilo nalo limejaribiwa, tena Haydom hapohapo. Kuanzia mwaka 2017 watoto 1,188 waliandikishwa katika jaribio lililoitwa ELICIT. Baadhi yao walipewa dawa za kuua vijidudu kwa ratiba maalumu katika miezi yao ya mwanzo, hata bila kuumwa, na wengine wakapewa zisizo na dawa ndani ili walinganishwe. Walipofika miezi 18, urefu wao haukutofautiana. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2021. Sisi hatuoni ajabu: mtoto anayerudishwa uwanja uleule, kikombe kilekile na mikono ileile, atavirudisha vijidudu baada ya siku chache. Wale wanaonunua vidonge vya rangi mbili dukani kila mtoto anapoharisha walitafakari hili.

Turudi kwenye mikono. Istinjai huondoa najisi na inatimiza sharti la swala, lakini Shigela wachache waliobaki chini ya kucha hawaondoki kwa maji matupu. Sabuni ndiyo inayowang'oa. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Kibuyu chirizi nje ya choo, dumu dogo lenye tundu na kamba ya kukanyagia, hakina gharama. Na kwa kuwa katika udhu tunasukutua, maji ya bwawani au ya kisima kisichofunikwa tusiyameze, na watoto wadogo wasimamiwe.

Lipo na jambo la karamu. Katika joto la kufaa, E. koli mmoja hugawanyika kuwa wawili kila dakika 20. Anzeni kuhesabu na mmoja: baada ya saa saba mtapata zaidi ya 2,000,000. Sasa fikirini pilau ya Maulidi iliyopikwa usiku, ikaachwa kwenye sufuria mpaka adhuhuri. Wali una bakteria wake aitwaye Basilasi, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu, na sumu ile ya kutapisha haiondoki hata mkiupasha moto upya. Kwa hiyo chakula kilichobaki kigawiwe usiku uleule kingali moto.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwemo. Watu zaidi ya 80 walifariki, Allah awarehemu. Tope likikauka, hatari ya pili hubaki: mafuriko hubomoa vyoo na kuchanganya vilivyomo na visima na chemchemi. Katika hali kama hiyo maji yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa, ndipo yachemshwe mpaka yatokote. Huku nyanda za juu maji hutokota kabla hayajafika nyuzi 100, lakini hilo lisiwatie shaka, bakteria hawa hufa mapema zaidi. Kuni zikiwa haba, chupa angavu za plastiki zilizojaa maji yasiyo na tope zianikwe juani kwa saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu. Dawa ya klorini nayo inafaa, ila katika maji machafu nguvu yake hupotea.

Mtoto akiharisha, kinachoua ni kuishiwa maji. Apewe mchanganyiko wa chumvi na sukari wa pakiti kutoka zahanati. Ukikosekana, lita moja ya maji salama itiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogokidogo huku akiendelea kunyonya na kula. Vidonge vya zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Chanjo ya rota hutolewa bure nchini tangu mwaka 2013, asikose. Akitoa damu kwenye choo, macho yakididimia, akilegea, akishindwa kunywa au akitapika kila anachopewa, apelekwe zahanati saa ileile, usiku au mchana.