Vena Inayotoboa Siri za Mwili

Je, wajua kwamba hakuna kiungo kingine cha ndani ambacho daktari anaweza kuitazama mishipa yake ya damu waziwazi bila kupasua wala kuingiza kamera? Ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Matone ya dawa yakishapanua mboni, daktari humulika ndani na kuona ateri nyembamba zikileta damu, na pembeni yake vena zilizo nene kidogo na nyeusi zaidi zikiirudisha. Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha maelezo ya kifaa cha kuonea ndani ya jicho mwaka 1851, na tangu hapo jicho halikuweza tena kuficha mambo yake.

Hata hivyo, ukuta wa vena yenye afya hauonekani. Kinachoonekana ni damu tu inayopita ndani yake. Ukuta huo ukianza kuonekana, ujue kuna jambo. Vena inapovimba, chembe nyeupe za damu hupenya na kukusanyika kuizunguka, na daktari huona ukungu mweupe ukiufuata mshipa, pengine vipande vipande. Kwa wagonjwa wa sakoidosisi, ugonjwa unaopenda zaidi mapafu, weupe huo hudondoka kandokando ya vena kama nta ya mshumaa.

Kwa nini vena na si ateri? Ndani ya vena ndogo damu hupita polepole, na ndipo mlango ambao askari wa mwili huutumia kutoka mtoni kwenda vitani. Taabu ni pale wanapoitwa vitani na adui hayupo.

Habari hii ina historia yenye vituko. Mwaka 1880, huko Birmingham, Uingereza, daktari Henry Eales aliandika juu ya vijana wa kiume waliokuwa wakivuja damu ndani ya jicho mara kwa mara. Aligundua kwamba walitokwa pia na damu puani na kufunga choo, akauweka mzigo mkubwa wa lawama kwenye choo. Uvimbe wa vena ulikuja kutambuliwa baadaye. Leo ugonjwa unaobeba jina lake huonekana zaidi India, na mshukiwa mkuu ni kifua kikuu: vinasaba vya bakteria wake vimepatikana ndani ya macho ya baadhi ya wagonjwa, hata wale wasiokohoa.

Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha mwaka 1944. Wilbur Rucker, daktari wa macho wa Mayo Clinic nchini Marekani, alieleza jinsi alivyoona vena zenye weupe kwa wagonjwa wa maltipo sklerosisi. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Sasa fikiri: retina kwa kawaida haina mayelini kabisa. Ganda hilo huanzia nje ya jicho, neva ya macho ikishatoka. Basi vena za retina zinavimba kwa kugombania nini? Fumbo hilo dogo limewalazimisha watafiti kukiri kwamba uvimbe wa vena si lazima uwe matokeo ya kuharibika kwa mayelini. Huenda mshipa wenyewe ni mshiriki tangu mwanzo.

Uvimbe ambao macho ya daktari hayaoni hufichuliwa na rangi iitwayo fluoresini. Mwaka 1961 wanafunzi wawili wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Harold Novotny na David Alvis, walichapisha njia ya kuidunga mkononi na kupiga picha za retina. Rangi hufika jichoni kwa sekunde kama 10 hadi 15. Mshipa mzima huizuia ndani. Uliovimba huivujisha, nao ukuta wake hung'aa. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba ngozi itakuwa ya njano kwa saa kadhaa na mkojo utabadilika rangi, asije akadhani ameharibiwa ini.

Usishangae basi daktari wa macho akikuuliza habari za vidonda vya kinywani na sehemu za siri. Hajapotea njia. Mwaka 1937 Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, aliunganisha vidonda hivyo na uvimbe wa macho kuwa ugonjwa mmoja, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Atakupima pia kaswende, VVU na kifua kikuu, na hapo asiwe na haraka: dawa za steroidi hutuliza uvimbe upesi, ila zikitolewa peke yake huku kuna vimelea, huwafungulia mlango.

Vena iliyovimba ikiachwa bila tiba huweza kuziba. Sehemu ya retina iliyokosa damu huita mishipa mipya, nayo huota dhaifu na kupasuka, damu ikajaa jichoni. Leza, sindano za kuzuia mishipa hiyo, au upasuaji huokoa macho mengi, lakini si yote.

Na retina haina neva za maumivu. Jicho linaweza kuwa jeupe kabisa, haliwashi wala haliumi, huku linaharibika. Ukiona vidoa vyeusi vikielea kwa wingi ghafla au ukungu usiofutika, nenda ukapanuliwe mboni na kuchunguzwa siku hiyohiyo, na umweleze daktari kila ugonjwa ulio nao, hata ule unaodhani hauhusiani na macho.