Uchaguzi wa Wabunge wa Afrika Mashariki na Mvuvi wa Ziwa Victoria

Muhula wa Bunge la tano la Afrika Mashariki, lililoanza kazi Desemba 2022, unafikia mwisho wake mwaka 2027. Hapo Bunge la Jamhuri ya Muungano litawachagua Watanzania tisa wa kwenda Arusha kwa miaka mitano. Makada wengi huliona jambo hili kuwa la wakubwa wa Dodoma. Mvuvi wa Igombe haitwi kupiga kura hiyo, wala mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba hapangi foleni kituoni. Je, uchaguzi huu unawahusu nini? Shabaha ya makala haya ni kueleza kwamba unawahusu sana, na kwamba kutokupiga kura kwa mkono wao wenyewe ndiko kunakozidisha wajibu wa kada.

Historia inatufundisha nini?

Chombo cha kwanza cha kutunga sheria za pamoja kilianzishwa mwaka 1948 chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, na makao yake yalikuwa Nairobi. Kilikuwa chombo cha mkoloni. Reli, bandari, posta na forodha viliunganishwa ili makoloni yaendeshwe kwa gharama ndogo, si ili wananchi wajitawale pamoja.

Baada ya Uhuru, nchi tatu zilitia sahihi Mkataba wa Kampala tarehe 6 Juni 1967. Jumuiya ikapata Bunge, na kila nchi iliteua wajumbe tisa. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, lakini wajumbe walikuwa wa kuteuliwa. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Watu wa Mwanza hawakuhitaji kusoma habari hiyo gazetini, waliiona ziwani. Meli zilizokuwa mali ya wote ziligawanywa: MV Victoria na MV Umoja zikabaki Tanzania, MV Uhuru ikabaki Kenya. Mwananchi aliyepoteza safari na soko hakuwa na mjumbe wa kumuuliza, maana hakuwahi kuulizwa ni nani amwakilishe. Umoja uliojengwa juu ya viongozi peke yao hutikisika viongozi wanapogombana.

Mkataba wa sasa unasemaje?

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Bunge la kwanza likazinduliwa Novemba 2001. Ibara ya 50 inasema kwamba Bunge la kila nchi litachagua watu tisa wasio wabunge wake. Nchi kubwa na nchi ndogo zinalingana. Hao tisa wawakilishe, kadiri iwezekanavyo, vyama vya siasa vilivyomo Bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalum. Mgombea awe na sifa za kuchaguliwa kuwa mbunge nchini mwake, na awe ameonyesha ujuzi au moyo wa kuyaendeleza malengo ya Jumuiya. Mtu hawezi kushika nafasi hiyo zaidi ya vipindi viwili.

Bunge hilo hutunga sheria za Jumuiya, hujadili na kupitisha bajeti yake, na huzichunguza taarifa za kazi zake. Hata hivyo muswada hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi wote waridhie. Kwa hiyo nguvu ya mbunge wa Arusha imo katika hoja na uchunguzi kuliko katika amri.

Kwa mkoa wa Mwanza, mambo haya yanagusa chungu cha kila siku. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake ni ya Tanzania. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, ni vyombo vya Jumuiya. Sheria ya usafiri katika ziwa ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2007. Samaki hana pasi ya kusafiria: sangara mchanga akivuliwa upande mmoja, nyavu za upande wa pili hurudi tupu.

Nini maana ya kuchagua?

Jambo hili limekwisha kufikishwa mahakamani. Mwaka 2006 nchini Kenya majina tisa yalipangwa na kamati ya Bunge na kupelekwa Arusha bila Bunge zima kupiga kura. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walishitaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Mahakama ilizuia watu hao wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba utaratibu ule haukuwa uchaguzi kwa maana ya Ibara ya 50. Kenya ikalazimika kuchagua upya. Fundisho ni hili: kupanga majina siyo kuchagua.

Sisi nasi tunalo letu. Aprili 2017 wagombea wawili wa CHADEMA, Lawrence Masha na Ezekia Wenje, ambao wote wamewahi kuwa wabunge wa Nyamagana, hapa hapa Mwanza, walipigiwa kura za ndiyo na hapana mjini Dodoma. Hapana zikashinda, na chama chao kikaleta majina mengine. Wapo wanaosema Bunge lilitumia haki yake, kwa kuwa kura isiyoweza kukataa si kura. Wapo wanaosema kwamba wengi wakiwachagulia wachache msemaji wao, mitazamo mbalimbali inayotajwa na Mkataba hubaki jina tu. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini hoja zote mbili zinamdai mbunge jambo moja: awaeleze waliomtuma alipima kwa kipimo gani.

Mgongano wa maslahi na wajibu wa makada

Tusijidanganye kwamba watu wote wa ziwani wana maslahi mamoja. Yuko kibarua anayelala majini usiku kucha, yuko mwenye mtumbwi na nyavu, yuko wakala, yuko mwenye kiwanda anayeuza minofu ya sangara ng'ambo. Yuko pia mama anayeanika dagaa. Mjumbe asiyeijua tofauti hii atazungumzia maslahi ya Taifa huku akitetea mfuko wa mwenye kiwanda, wala hatagundua kosa lake.

Hivyo, kabla ya siku ya kura, kada hana budi kuwakutanisha wananchi wa mialo na mbunge wao, na mbunge aondoke na maswali ya kuwauliza wagombea. Kwanza: umefanya kazi gani kwa ajili ya umoja wa Afrika Mashariki kabla ya kuomba nafasi hii? Pili: doria zikikamata mvuvi nje ya mpaka wa nchi yake, utadai nini ili atendewe haki na mtumbwi wake usipotee? Tatu: utarudi lini kutoa taarifa, na kwa nani?

Swali la tatu ndilo kubwa. Mbunge wa Arusha hana jimbo, na asiye na jimbo ni rahisi kuwasahau watu. Kama hakuna anayemdai taarifa, cheo kitakuwa zawadi badala ya kuwa dhamana. Mwaka 1977 mwananchi wa Mwanza hakuwa na wa kumuuliza. Sasa anao tisa, na njia ya kuwafikia inapita kwa mbunge wake mwenyewe. Kazi ya kada ni kuifungua njia hiyo kabla ya kura, na kuhakikisha haifungwi baada ya kura.