Zawadi inayoweza kumwondolea mwanao hamu ya kuchora

Kuna watoto ambao hawahitaji kuambiwa. Ukimnyang'anya mkaa anaochorea ukutani, anatafuta kijiti anachora chini. Mwingine hushinda uani akikata maboksi ya viatu na kutoboa vifuniko vya chupa atengeneze gari, hata akiitwa kula hasikii. Mzazi anayejali, akiona hivyo, hupata wazo la kumtia moyo: "Chora vizuri, baba akirudi atakupa mia tano."

Wazo linatoka moyoni. Tatizo ni kwamba tafiti za saikolojia za zaidi ya miaka 50 zinaonyesha ahadi ya namna hiyo inaweza kuizima hamu ileile ambayo mzazi alitaka kuikuza.

Utafiti unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 1973 na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Ulifanyika katika shule ya chekechea iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Stanford, California, nchini Marekani. Watafiti hawakuchukua kila mtoto. Kwanza waliangalia ni akina nani wanavutiwa na kalamu za rangi bila kusukumwa na mtu, wakapata watoto 51 wa miaka 3 hadi 5, wakawagawa makundi matatu.

Kundi la kwanza liliahidiwa kwamba atakayechora atapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. La pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora walishtukizwa kwa cheti hichohicho. La tatu lilichora tu, yakaisha.

Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu zile ziliwekwa tena mezani darasani, safari hii bila cheti wala ahadi, na michezo mingine ikiwapo. Kila mtoto alikuwa huru kuchagua. Walioshtukizwa walitumia wastani wa asilimia 18.1 ya muda wao kuchora, na wasiopewa chochote asilimia 16.7. Walioahidiwa cheti walitumia asilimia 8.6, yaani karibu nusu ya wenzao. Hata picha walizochora siku ya ahadi, zilipopelekwa kwa watu wasiojua ipi ni ya kundi gani, zilipata alama za chini.

Hapo mzazi atazame vizuri. Cheti chenyewe hakikuharibu kitu, maana kundi la pili nalo lilikipata. Kilichoharibu ni mapatano: fanya hiki, upate kile. Watafiti wanaeleza kwamba mtoto, kama mtu mzima, hujitafutia mwenyewe sababu ya anachofanya. Akichora bila malipo, hujiona mtu apendaye kuchora. Akichora kwa ajili ya cheti, hujiona anafuata cheti, na kikiondoka, sababu nayo imeondoka. Kibarua hufanya hivyohivyo: ujira ukikatwa, jembe linawekwa chini.

Teresa Amabile, naye wa Marekani, alilitazama suala hili kwa upande wa ubunifu. Katika utafiti wake wa mwaka 1982, wasichana wa miaka 7 hadi 11 walialikwa kwenye sherehe, wakatengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi. Wengine waliambiwa zawadi zitakwenda kwa wenye picha bora. Wengine waliambiwa zitatolewa kwa bahati nasibu. Wasanii walipozikagua picha hizo, waliona za wale walioshindania zawadi zina ubunifu mdogo zaidi. Haishangazi sana. Anayewania zawadi hushika njia aliyoizoea na iliyo fupi, ilhali mbunifu anahitaji kupotea kidogo.

Isidhaniwe kwamba wataalamu wote walikubaliana. Mwaka 1994 Judy Cameron na David Pierce walipitia tafiti nyingi wakasema madhara ya zawadi yamekuzwa mno. Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan wakajibu kwa kuchambua majaribio 128, wakaona zawadi za kushikika zilizoahidiwa mapema zinapunguza hamu ya kweli, na zinawaathiri watoto kuliko wanafunzi wa chuo. Pamoja na mvutano huo, zawadi ya kushtukiza haikuonekana kuleta madhara.

Vilevile, kwa kazi ambayo mtoto haipendi, hakuna hamu ya kupoteza. Kuosha sufuria lililoungua au kukariri jedwali la kuzidisha si michezo, na ahadi ndogo inaweza kumsaidia aanze. Uangalifu unahitajika pale anapopenda tayari. Ahadi ya baiskeli akishika namba moja inaweza kumfanya mtoto aliyekuwa akisoma hadithi kwa raha aanze kuuliza kama hadithi hiyo itatoka kwenye mtihani.

Sifa nazo zina namna yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto wa darasa la tano waliosifiwa kuwa wana akili walichagua zaidi kazi ambazo wangeonekana wanaziweza, na walipokutana na maswali magumu walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa kujitahidi. "Una kipaji" ni neno tamu, lakini humpa mtoto kitu cha kuogopa kupoteza.

Mzazi aliyekwisha kuahidi atimize, kwa sababu ahadi iliyovunjwa ina madhara yake mengine. Safari nyingine anaweza kukaa karibu na kuuliza: huyu mwenye kofia ni nani? Mbona gari lako lina magurudumu matano? Maswali ya namna hiyo humwonyesha mtoto kwamba kazi yake imetazamwa, bila kumwekea bei. Gharama nyingine ni ndogo: boksi tupu, gundi ya unga wa ngano, na saa moja ya alasiri ambayo hakuna anayemwita kwenda dukani.